Mbwa wa Theluji Getini

Mzungu aliyenikodi nimwendeshee gari lake la kulala, lenye kitanda na choo nyuma, aliwaficha humo chooni mbwa wake wawili, wale wa kuvuta sleji, kigari cha kuteleza kwenye theluji, maana hifadhi ya Meru hairuhusu mbwa. Mimi mjinga nikakubali.

Getini tulipokewa na askari mzee, rika la baba yangu. Nikampa shikamoo, naye akaanza kuniulizia nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Salamu za mtu mzima hazikatishwi. Jua linachoma, kule nyuma kimya. Mwanzo niliomba wasibweke. Sasa nilikuwa naomba wabweke, hata mara moja tu.

Nikashindwa. Nilimwacha katikati ya kuulizia mahindi yangu, nikakimbia kufungua mlango wa choo.

Mbwa wakainua vichwa, wanahema. Mzee akanifuata, akachungulia.

"Na hawa," akauliza, "hawajambo?"