Bakuli la Somoe

Msiniulize kama nilikuwa nimelala. Sikulala. Ilikuwa mchana kweupe, viatu vyangu miguuni na funguo mfukoni. Kama ningekuwa mtu wa kutunga, ningetunga kisa cha kunipamba. Hiki hakinipambi hata kidogo.

Zama za Mwingereza, pale Lindi, mzungu mmoja aliyependa magofu alifungua chumba cha vitu vya kale ndani ya jengo kuukuu la Mjerumani. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi Amerika, katika nchi ya watu waitwao Wamaya, na ukuta mzima aliujaza picha zao: majumba ya mawe yenye ngazi, yamemezwa na msitu kama yalivyomezwa magofu ya Kilwa. Kabatini aliweka chungu cha Wamaya, na kando yake vitu vyetu: vigae vya Kilwa, shanga, chetezo. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, Kiingereza nakijua, akanipa kazi ya kufungua mlango na kuwaeleza wageni.

Watu walikuja. Wakulima wa Milola na Kilangala walioshuka sokoni walipitia kwangu, wakavua viatu mlangoni kama wanaingia msikitini. Mmoja alitazama picha ya mfalme wa Kimaya mwenye manyoya kichwani, akamgusa mwenzake: "Huyu naye kamwiga jogoo wako." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini mimi waliniamkia, shikamoo, hata walionizidi umri, kwa ajili ya suruali yangu na zile funguo. Nami niliitikia marahaba, marahaba, bila kumtazama mtu usoni. Nilizoea hivyo.

Yule mzungu, Bwana wangu, akataka bakuli la kaburini, mojawapo ya yale ya buluu na nyeupe ambayo watu wa pwani hujengea kichwani pa kaburi. Nilijua lilipo moja. Kwetu Mingoyo kulikuwa na kaburi dogo la dada yangu Somoe, mtoto wa kwanza wa mama, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Kila Alhamisi mama alilijaza maji bakuli lile ili ndege wanywe na thawabu zimfikie mtoto. Nililibandua kwa kisu, nikampelekea Bwana.

"Lina mwenyewe?" aliniuliza.

"Hapana, Bwana. Watu wake wamekwisha."

"Hata Wamaya husemwa wamekwisha," alisema. "Wapo. Wanalima mahindi kama nyinyi. Nimewaona wakisimama mbele ya vioo, wanatafuta vitu vya babu zao. Una hakika?"

Nikasema nina hakika. Nilitaka anisifu, na alinisifu.

Mama alipoliona pengo kaburini alirudi nyumbani na mtungi wake mzito vilevile. "Nani wa kumwibia mtoto?" alisema. Nikamwambia sijui.

Sasa sikilizeni. Siku moja wageni wamekwenda kuswali adhuhuri, mimi nimeinama nafuta kioo cha kabati. Nyuma yangu nikasikia, "Shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia. Sikugeuka.

"Nina kiu."

Ndipo nikageuka. Alikuwa mtoto wa kike, kipande cha kanga kifuani, miguu imejaa vumbi. Na uso wake, niaminini, ulikuwa uso wa mama yangu kabla haujapata mikunjo.

"Maji yako nje, kwenye mtungi," nikasema.

"Mimi nanywea hili." Akanyoosha kiganja kuelekea bakuli la kaburini, ndani ya kabati. "Siku hizi mama anamwaga chini. Yananipita."

"Mtoto wa nani wewe?"

Akacheka, kicheko cha dada anayemwona mdogo wake kajichafua. "Wewe ndiye uliyepaswa kuniamkia. Nilikuwa nakujaribu. Nimekuamkia, umeitikia. Basi mkubwa ni wewe, na bakuli langu ni juu yako. Kamwambie mama."

Mlango ulikuwa wazi lakini sikumwona akipita. Kwenye kioo kulibaki alama ya kiganja kidogo. Niliisugua, haikutoka. Ilikuwa upande wa ndani, na kabati limefungwa.

Wewe ungefanya nini? Funguo ninazo. Ningelitia bakuli kapuni nikaenda zangu Mingoyo. Lakini niliogopa kufukuzwa kazi, na zaidi niliogopa kumwangalia mama machoni.

Mwisho wa juma nilipofika nyumbani, mama alinipokea mlangoni. "Nimemwota Somoe. Kasema nisihangaike, nimuulize mkubwa wake. Mkubwa wake nani, mwanangu? Si yeye ndiye mkubwa wenu?"

"Ndoto tu, mama."

Nadhani alijua. Hakuniuliza tena mpaka anaingia kaburini. Kila Alhamisi niliyokuwa nyumbani alinipita na mtungi wake, akaenda kuyamwaga maji mchangani.

Bwana alihamishwa, chumba kikafungwa, vitu vikatiwa makashani vikasafirishwa kwao. Tangu hapo kila nyumba ya makumbusho niliyoisikia nimeiendea. Nimesimama mbele ya vioo kama wale Wamaya, natafuta. Silioni. Nilijenga bakuli jipya kaburini, na hulijaza mwenyewe. Ndege hutua ukingoni, wakatazama maji, wakaruka. Hawanywi.

Basi ukiingia nyumba za namna hiyo, ukaona chungu cha watu wa mbali au bakuli la watu wa kwenu, usithubutu kusema wenyewe wamekwisha. Na ukiamkiwa, geuka kwanza, umtazame mtu usoni, ndipo uitikie. Watoto wa mtaa wananicheka kwa kuwakodolea macho kabla sijawajibu. Wacha wacheke. Mimi niliitikia uso wangu ukiwa kwenye kioo, na mpaka leo ndimi mkubwa wa Somoe, na Somoe bado ana kiu.