Ua la Mama Penina Limetangulia Jembe

Saa kumi na mbili asubuhi, Dafroza Machage anamwagilia miche yake ya miembe, parachichi na waridi kando ya barabara iendayo Majita, mjini Musoma. Akifika kwenye kopo moja la rangi lililokaa peke yake, analiruka.

"Hili siligusi," anasema huku akicheka. "Nilishaua mengine kwa mapenzi."

Ndani ya kopo kuna vitunguu viwili vya ua la porini, lile jekundu la mviringo linalochomoza chini ya miti mvua za kwanza zikinyesha. Watoto wa mjini huliita Mpira wa Moto. Wachungaji wa Bunda husema ni Sumu ya Mbuzi, na hakuna mbuzi aliyerudi kubisha. Kwao Dafroza, kijijini Kiriba, ni Mtangulia Jembe, maana likitokeza tu, watu hutoa majembe.

Mwaka jana kichaka kilichokuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, Penina, kilifyekwa ipandwe mihogo. Dafroza akawahi kuokoa vitunguu sita. Akavipanda mjini na kuvimwagilia asubuhi na jioni, kiangazi kizima. Vinne vikaoza. Na ameuza miche miaka kumi na tisa!

"Mwanangu, jina lake si ulilijua?" mama yake alimuuliza kwa upole. "Lile linasubiriga mvua, halisubirigi ndoo."

Dafroza alilia siku ile, wala hafichi. Mama yake ana miaka 81 na presha ya macho inamzimia nuru kidogo kidogo. Anachoomba ni kuliona ua lile mara moja tu kabla giza halijafunga.

Juzi mvua ilinyesha. Leo udongo wa kopo umepasuka na ncha nyekundu imejitokeza.

Gibson, dereva wa bajaji, anasimama. "Mama, huo mpira wa moto bei gani?"

"Hauuzwi, baba."

"Nakupa elfu ishirini."

"Hata ukiniachia na bajaji."

Jumamosi atalipakata kwenye bodaboda mpaka Kiriba. Na macho ya mama yake yakiwa yamekataa?

"Nitamshikisha. Vidole vyake vinalijua."

Amekwisha kumpigia simu. Penina akasema, "Waambie wadogo zako watoe majembe."