Onja Kwanza, Umulisa

Usinitajie Umulisa leo, nitalia au nitatukana, na vyote viwili havinipendezi. Ni jirani yangu hapa Niboye. Mimi fundi cherehani, yeye afisa uhusiano wa kiwanda cha juisi. Kazi yake ni kusema na watu kwa niaba ya kiwanda, na wallahi alikuwa anasema kweli. Maji machafu ya kiwanda yalipoingia bondeni kwetu, wakubwa wake walijificha. Yeye alikuja kwa miguu, akasema ni yetu, tusameheni, na bomba likazibwa. Tangu hapo neno lake mtaani halikuulizwa mara mbili.

Ndiyo maana Gasana, bosi wake, alimchagua. Watu wa Kagarama, mtaa wa pili, walishaanza kulazwa kwa matumbo baada ya kunywa ile juisi, na kiwanda kilipima kikajua mzigo umeharibika. Gasana hakutaka kuurudisha. Alimwambia Umulisa apeleke makatoni kwenye umuganda, ile kazi ya mtaa ya Jumamosi, anywe mbele ya majirani, ionekane kwamba ni uvumi wa washindani tu. Chupa yake yeye ingetoka kwenye mzigo wa zamani, ulio salama. Umulisa akakataa, akabembelezwa, akatishiwa kazi, akakubali. Haya yote amenieleza mwenyewe sasa hivi, nimemkazia macho.

Tulikuwa tumemaliza kuzibua mitaro, jua kali, makoo yamekauka. Gasana kasimama kando ya gari lake, anatupiga picha kwa simu. Umulisa akatoa chupa mkobani, akanywa, akasema juisi ni nzuri. Niliona ameitoa mkobani, si katonini. Nikadhani kiu imemzidi, mjinga mimi. Makatoni yakafunguliwa, tukagawiwa.

Lakini hapa kwetu mwenyeji haonji chake. Anaonja kile anachompa mgeni, kabla mgeni hajakigusa, ili moyo wa mgeni utulie. Bibi Pudentienne, mkubwa wetu mtaani, hanywi hata maziwa bila hilo. Akamsogelea Umulisa polepole, akamnyooshea chupa aliyopewa.

"Onja kwanza, mwanangu."

Hakuwa na shaka yoyote, ni heshima tu. Umulisa akaipokea, akaifungua, akaifikisha mdomoni. Gasana kule akamwashiria kwa kichwa anywe. Watu wakaanza kugeuka kumtazama, maana alikaa nayo hivyo muda mrefu mno. Kisha akarudisha kifuniko.

"Usinywe, bibi. Mtu yeyote asinywe. Mimi nimekunywa nyingine."

Gasana aliingia garini, akafunga mlango taratibu, akaondoka. Watu wakaweka chupa chini, nyingi hazijafunguliwa. Bibi Pudentienne akamshika Umulisa mkono vile tunavyoshikana msibani.

Alhamdulillahi kwa ajili ya bibi. Ila mimi sikusubiri kuonjewa. Nilimwona Umulisa akimeza, basi, nikaigida yangu yote, nikamalizia na ya mume wangu.

Sasa ameketi kwenye kiti cha wateja wangu, simu yake inalia, hapokei. Hasira zimenijaa mpaka shingoni, na bado sitaki aondoke. Nimemwuliza wale wa Kagarama ugonjwa uliwaanzaje. Anasema kwanza walisikia baridi.

Nje jua linawaka. Nami nimeshajifunika kitenge cha mteja.