Maman Eulalie wa Bagira na Jina Alilotaja

Alizaliwa kisiwani Idjwi mwaka 1979, binti wa wakulima wa mananasi, akabatizwa mbiombio kwa sababu hakulia vya kutosha. Baadaye alifidia. Alipofiwa na mume huko Bagira, Mungu alimwita kupitia shirika la mtaa, jumuiya ndogo ya waumini, awatembelee wagonjwa. Naye aliwatania hata waliokuwa wakikata roho, nao wakafa wakicheka.

Mwaka 2019 vidole vyake vilianza kuwa vyeupe kwenye baridi, ngozi ikamkaza, kikohozi kikavu kikamshika, na mlima wa kanisani ukamshinda. Dawa za kifua kikuu hazikufua dafu. Basi Bagira, ambayo haijawahi kukosa jibu, ikanong'ona: karuho, sumu ya kikombe, ile inayomla mtu polepole. Kaka yake Apollinaire, aliyempenda kuliko pumzi yake, alimshuku kila mtu, hata padri kidogo. Mwishowe jicho lake likatua kwa jirani Pascaline, muuza kasiksi, pombe ya ndizi. Vijana wakaahidi kumchomea nyumba siku Eulalie atakapofariki.

Hospitalini daktari akatazama picha ya kifua chake. "Maman, sumu hakuna. Askari wanaoulinda mwili wako na magonjwa wanaushuku mwili wenyewe. Walipiga ngozi, sasa wanapiga mapafu, yanajaa makovu."

Eulalie akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata ndani yangu iko Bagira!"

Jumapili, mbele ya shirika lote, akamwomba Pascaline kasiksi. Kwetu anayetoa kinywaji huonja kwanza, mgeni aone ni salama. Pascaline akainua kikombe aonje, Eulalie akakinyakua.

"Dada, unajiua!" akalia Apollinaire.

"Yaya, kaka yangu, niko nakufa na ugonjwa yangu. Usinitafutie muuaji." Akanywa chote.

Watu wakakaa kumchungulia, wengine kwa sala, wengine, tusidanganyane, kwa hamu. Hakuanguka. Wakasema: karuho haina haraka.

Alifariki Kwaresima ya 2023. Saa ya mwisho pumzi ilikuwa ya kuokoteza. Uani vijana walikuwa wamefika na petroli. Apollinaire akainama sikioni.

"Taja jina tu, dada yangu. Wanangoja."

"Ule ananiua," akasema, "anaitwa Eulalie. Enda uwaambie."

Alitoka akilia, akawaambia. Hawakuwa na nyumba ya kuchoma kwa jina hilo, wakarudi makwao. Wengine hudai muujiza ni lazima kipofu aone. Bagira tunauhesabu huu, na Pascaline angali anauza pale pale. Nawe mwamini, ndugu yako akikohoa, mpeleke kwa daktari kabla hujamtazama jirani.