Macho Ndani ya Mdomo wa Samaki

Sebule ya shangazi yangu Mwanaidi, kule Chumbageni, ilikuwa ikinguruma polepole mchana kutwa. Mngurumo huo ulitoka kwenye pampu ndogo ya hewa iliyofungwa nyuma ya tangi la kioo la samaki, na wenyeji wa nyumba walikuwa wameuzoea hata hawausikii tena. Mimi mgeni niliusikia hata nikiwa uani. Mapazia yalikuwa yameshushwa tangu msiba, kwa hiyo mwanga wa humo ndani ulikuwa wa taa ya tangi peke yake, wa kijani, ukichezacheza ukutani na juu ya makochi, na hewa ilinuka maji yaliyotuama pamoja na udi.

Nilikuwa na miaka tisa. Shule zilikuwa zimefungwa, masika yalikuwa hayajaisha, na baba alinileta kutoka Makorora nikae na dada yake. Shangazi alikuwa amezika mtoto mchanga, wa kike, aliyefariki kabla hajatimiza arobaini na kutolewa nje. Mumewe, Mjomba Bakari, alikuwa kazini bandarini kutwa nzima, na shangazi alijifungia chumbani. Nilimpelekea uji nikaukuta baadaye umeganda utando juu. Nikimsalimia aliitikia, kisha akageukia ukuta. Basi nikawa nakaa na samaki.

Walikuwa wa kila namna, wamechanganywa tu: vidagaa vyenye mikia ya rangi, kambare mdogo mweusi aliyekuwa akitambaa chini kwenye changarawe, na samaki wachache wa manjano kutoka Ziwa Nyasa, ambao mjomba alisema ni ndugu zake perege. Mmoja wa hao wa manjano alinitia hofu. Alijitenga kwenye kona, nyuma ya jiwe, na nilipomwaga chakula wenzake wakagombania, yeye hakusogea. Alikuwa akikonda, tumbo limebonyea, ila taya lake la chini lilikuwa limevimba kama la mtu anayeumwa jino. Na alikuwa akitafuna. Hakuwa na kitu cha kutafuna, lakini mdomo wake uliofumbwa ulikuwa ukienda, taratibu, asubuhi hadi jioni.

Siku moja nikaegemeza uso kwenye kioo ili nimwone vizuri. Akageuka kunikabili, akafunua mdomo kidogo, na mle ndani nikaona macho. Yalikuwa mengi, madogo kama mbegu za mchicha, meusi, na yote yalinitazama. Nilipiga kelele iliyomtoa Shangazi Mwanaidi chumbani, kanga imemlegea, nywele hazijasukwa. Nilikuwa sijamwona sebuleni tangu nifike. Alipiga magoti mbele ya tangi akatazama muda mrefu.

“Usilie, Hawa,” akasema. “Ni watoto wake. Ametaga mayai, akayaokota kwa mdomo, yakaanguliwa humo. Ndiyo maana hali. Akila, atawameza.”

Jirani yake, Bi Mwanakombo, alikuwa ameisikia kelele akaingia. Nilimwamkia shikamoo, hakuniitikia. Macho yake yalikuwa kwenye tangi. “Mwanaidi, mwenye kumeza wanawe hakai kwenye nyumba yenye msiba,” alisema kwa sauti ya chini. “Mtoe huyo samaki. Kamwage mtaroni.”

“Hajameza mtu,” shangazi akajibu. “Toka nyumbani kwangu, bibi, nakuomba.”

Tangu hapo shangazi hakurudi kulala mchana. Alinieleza kwamba samaki huyo akiwatema wanawe humo tangini, kambare na wengine wangewamaliza. Lakini ukimshika kwa pupa, akishtuka, angeweza kuwatema hapo hapo au kuwameza. Tulichukua tenga dogo la plastiki la kuoshea mboga, tukalifunga chandarua kuukuu pande zote, tukalining'iniza ndani ya tangi. Shangazi akazamisha bakuli, akangoja. Mkono wake ulikaa majini mpaka vidole vikakunjamana, naye alikuwa akipumua polepole sawasawa na samaki. Hatimaye samaki akaingia mwenyewe kwenye bakuli, na akahamishiwa ndani ya tenga, mdomo umefumbwa.

Siku chache baadaye samaki akawafungulia wanawe mdomo. Walitoka kama moshi mwembamba wa manjano. Kivuli changu kilipopita juu yao walirudi wote mdomoni kwa mara moja, kama waliovutwa kwa pumzi, na maji yakabaki matupu.

Kisha umeme ukakatika, alasiri ya mvua kubwa. Pampu ilinyamaza, na ukimya ule ulikuwa mzito kuliko ngurumo za nje. Samaki wote wakapanda juu kutafuta hewa, midomo ikifunguka na kufumbika. Shangazi alichota maji kwa kikombe akayamwaga tena kutoka juu ili yashike hewa, bila kupumzika. Nilikwenda jikoni kutafuta kikombe cha pili. Niliporudi, nikamsikia akiongea na tenga.

“Mfungulie, basi. Mfungulie Rahma atoke.”

Nilisimama mlangoni. Mle ndani yule mama samaki alikuwa amefumba mdomo, koo limejaa, akimtazama shangazi. Aliendelea kumtazama hadi umeme uliporudi, na pampu ilipoanza kunguruma akawatoa wanawe, mmoja mmoja, wote hai. Shangazi akacheka huku analia. Jioni ile alikula wali na samaki wa nazi, akaniomba nimwongeze.

Niliporudi Makorora nilimuuliza mama yangu, “Rahma ni nani?” Aliacha kuchambua mchele. Akaniambia jina hilo yule mtoto wa shangazi alipewa sikioni siku ya kuzaliwa, na tangu azikwe hakuna aliyelitamka, kisha akanikataza kulitaja tena.

Sasa mimi ni mtu mzima, mwenye mtoto wa kunyonyesha. Shangazi anaishi Muheza, anafanya biashara ya machungwa, ana watoto watatu wenye kelele, na nyumba yake imejaa jua. Mwezi uliopita nilimtembelea, nikamkumbusha habari za tangi. Alikuwa amempakata mwanangu. Akanitazama akitabasamu kwa upole, kama mtu anayemstahi mgeni aliyekosea nyumba.

“Samaki gani, Hawa?” akauliza. “Mimi sijawahi kufuga samaki.”

Nilitaka kubishana naye. Nikamwona namna alivyomkumbatia mtoto, kiganja kimefunika kisogo chote, nikanywa chai yangu na kumwambia huenda ilikuwa nyumba nyingine.