Mshtakiwa wa Pili

Nje ya ukuta wa mahakama, kati ya duka la fotokopi na fundi wa miavuli, kuna meza yenye taipureta, na nyuma ya meza hiyo kuna mwanamke ambaye watu humwita Hakimu wa Nje. Mahakimu wa ndani huhamishwa kila baada ya miaka mitatu. Huyu wa nje hajahamishwa kwa miaka kumi na minne, na makarani wenyewe hukiri kimyakimya kwamba wa ndani wakiugua wote siku moja kazi itakwenda, ila yeye akishikwa na mafua tu, foleni hufika barabarani.

Kazi yake ni barua. Anayetaka nakala ya hukumu au ya mwenendo wa kesi hupitia kwake kwanza, naye hufundisha bure, tena kwa ukali, utadhani wateja wote ni watoro wa shule.

"Kesi ya jinai iliyosikilizwa hadharani ni kumbukumbu ya umma! Huombi hisani, baba, unadai chako. Za watoto na za faragha, hizo hata ulie damu hupewi. Nyingine dai. Namba ya kesi unayo?"

"Sina, mama."

"Mwaka je? Kosa? Jina la mshtakiwa? Haya, anza na rejesta, ndiyo yenye namba. Ukiipata namba, rudi hapa tuandike barua. Kisha ulipie, udai risiti, na usiondoke bila muhuri wa nakala halisi. Karatasi isiyo na muhuri kafungie sabuni."

Tangazo linalosema hayo yote lipo pia ndani ya masjala, chumba yanamotunzwa majalada ya kesi. Wamelibandika nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi, tangazo linatazama ukuta. Mlango ukifungwa, wewe uko nje. Aliyewahi kulisoma ni karani mmoja, naye ni yule aliyelibandika.

Na masjala ile ina mila yake, jamani. Rejesta yake huandikwa jina la mshtakiwa wa kwanza tu. Wa pili, wa tatu, hata wafike kumi, wote ni "na wenzake". Ukimtajia karani jina la wa pili hajisumbui hata kuinuka kitini. Atakwambia, "Huyo hapa hatumjui," na kwa rejesta yake anasema kweli. Hakimu wa Nje huwatania wateja: "Ukitaka kuiba, nenda na rafiki, halafu mtangulize yeye." Watu hucheka, naye hucheka nao.

Basi Jumatano moja akafika mama mmoja mnene, mkoba kwapani, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Dada, nataka jalada la mtu. Mtoto wa kaka yangu anaoa, na Jumamosi tunakwenda kwa kina binti kutoa kauli ya mwisho. Mimi ndiye shangazi, na ukoo wetu hauoi gizani. Tumeambiwa baba wa binti alikufa kwa homa. Lakini nimesikia kwingine kwamba alikuwa mwizi, alishtakiwa hapa hapa. Lisemwalo lipo."

"Na kama halipo linakuja," akaitikia Hakimu wa Nje, huku akiingiza karatasi kwenye taipureta. "Jina lake?"

Shangazi akalitaja. Lilikuwa jina la mume wa Hakimu wa Nje mwenyewe.

Shangazi wa watu hana hili wala lile, anajipepea na bahasha. "Halafu nasikia mama wa huyo binti ni mkubwa fulani humu mahakamani. Ndiyo maana nimepita nje. Ningeingia ndani si ningeangukia mikononi mwake!"

Ukubwa huo Hakimu wa Nje alijipa mwenyewe. Majirani aliwaambia anafanya kazi mahakamani, binti akalipeleka neno hilo hivyo hivyo kwa mchumba, na hakuna aliyeuliza ni upande gani wa ukuta.

Mumewe alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha rangi. Yapata miaka ishirini na moja sasa, makopo yalipotea, akashtakiwa yeye pamoja na bosi wake: bosi wa kwanza, yeye wa pili. Mke alihudhuria kesi mara mbili. Kabla ya mara ya tatu, wanawake wa bombani walinyamaza alipofika na ndoo, na kunyamaza kule kulimchoma kuliko matusi. Akaenda mahabusu, mtoto wa miezi minane mgongoni, akamwambia mumewe: "Usikanyage kwangu mpaka uje na karatasi ya mahakama inayosema huna hatia." Akahamia upande wa pili wa mji. Mwaka ukapita, karatasi haikuja. Akajua basi, ni mwizi. Mtoto alipoanza kuuliza, akamzika baba yake kwa mdomo: homa, siku tatu, Mungu akamchukua.

Mganga hajigangi. Ametafutia watu mia na mia majalada yao, na lile moja hajaligusa, kwa hofu ya kusoma neno "amefungwa".

Sasa afanye nini? Akimwandikia shangazi jina la bosi, jalada linatoka na ndoa ya mwanawe inakwenda na maji. Akiandika jina la mume, masjala itajibu inavyojibu siku zote. Akapiga moyo konde, akaandika jina la mume. Barua safi, haina kosa hata la mkato.

Ofisi ambayo hutumia wiki tatu kulipata jalada ilitumia dakika kumi kutolipata. Shangazi alirudi mezani na karatasi yenye muhuri mwekundu, HAKUNA KUMBUKUMBU, anaipunga hewani.

"Msafi! Msafi kabisa! Watu wana midomo, dada yangu. Jumamosi nitamwonyesha mama yake, afurahi."

"Mfikishie salamu zangu," akajibu Hakimu wa Nje. Hapo ndipo akili ilipomrudia, kwamba Jumamosi atakayefungua mlango ni yeye. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imebakiza siku tatu.

Usiku alijigeuzageuza, akawaza miwani, akawaza kitambaa cha kichwani, akawaza kujilaza hospitali. Asubuhi alikuwa na wazo moja tu: jalada lile alione kwa macho, ajue linasema nini kabla mwingine hajajua. Akaingia masjala na kumtajia karani jina la bosi.

Karani alikuwa na deni la fadhila kwake, maana yeye ndiye humwonyesha yalipo majalada anayoyapoteza. Akapanda ngazi, akapiga chafya mara nne, akashuka na jalada la kijani lililofungwa kwa uzi. "Hili nene. Lina barua nyingi."

Akalifungua pale pale kaunta. Akaruka mashahidi, akaruka vielelezo, akatafuta ukurasa wa uamuzi. *Mshtakiwa wa pili hana kesi ya kujibu. Anaachiwa huru.* Tarehe ilikuwa siku kumi na moja baada ya ile siku aliyokwenda mahabusu.

Siku kumi na moja! Akasoma tena, kidole chini ya kila neno. Furaha ilimjia kwanza, tena kubwa, akataka kumkumbatia karani na vumbi lake. Halafu likaja swali. Mtu kaachiwa huru, karatasi ipo, mbona hakuja?

Akafunua mbele. Palikuwa na barua tatu zilizokunjwa. Mwandiko aliujua kabla ya kusoma. *Naomba nakala ya uamuzi ulioniachia huru, nikamwonyeshe mke wangu.* Ametaja jina lake, kosa, mwaka, kila kitu kama inavyotakiwa. Namba ya kesi hakuwa nayo. Chini yake muhuri mwekundu: HAKUNA KUMBUKUMBU. Ya pili ilipostiwa mwaka uliofuata kutoka mji wa mbali, maneno yale yale, muhuri ule ule. Ya tatu ilikuwa ya miaka sita baadaye, na mwishoni ameongeza mstari ambao barua ya kiofisi haina haja nao: *Nasikia mtoto ameanza shule. Tafadhali tazameni tena.*

"Hizi zilifikaje humu?" akauliza.

"Mwaka ule wa wakaguzi," karani akasema. "Tuliamriwa kila barua iingie kwenye jalada lake. Ebo! Kwa kuogopa wakaguzi tuliyapata yote."

"Yeye mlimjulisha?"

"Nani?"

"Aliyeomba."

Karani akatazama rejesta, kisha akamtazama yeye kwa huruma ya kikazi. "Huyo si alikuwa wa pili, mama?"

Hakimu wa Nje, aliyewahi kugombana na mahakimu watano, safari hii alirudi tu mezani kwake. Aliandika barua ya kuomba nakala ya uamuzi na ya zile barua tatu, akalipia, akadai risiti, akasubiri muhuri. Kisha akafunga meza saa nne asubuhi, na fundi wa miavuli akasimama kumshangaa.

Jioni binti alikuwa sebuleni anapiga pasi gauni la Jumamosi. Mama akaziweka karatasi juu ya meza ya pasi.

"Baba yako hakufa kwa homa. Nilikudanganya. Nilimfukuza mimi, na hakuwa ameiba kitu."

Binti akachomoa pasi, akasoma akiwa amesimama. Alisoma uamuzi, akasoma barua ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akakaa chini.

"Miaka kumi na minne umekaa pale mlangoni, mama."

"Ndiyo."

"Umewatafutia watu wangapi?"

Mama alilia bila kujificha, pua inatiririka, na binti hakumpa kitambaa.

"Yule shangazi ameridhika," akasema mama alipoweza. "Ana karatasi yenye muhuri. Jumamosi wewe wapokee wageni wako, uolewe zako, mwanangu. Haya yangu niachie mwenyewe."

"Jumamosi haipo. Nitampigia mwenzangu, angoje. Akishindwa kungoja, basi. Mimi sitoki nyumba hii kama yatima wakati nina baba." Akainyoosha barua ya tatu kwa kiganja. "Hapa pana anwani. Mwandikie."

"Ni ya zamani mno. Huenda kahama. Huenda..."

"Huenda kafa kwa homa?"

Mama akaitoa taipureta kwenye sanduku lake, akaingiza karatasi. Akaandika *Yahusu*, akaichomoa karatasi, akaikunja. Akaingiza nyingine. Vidole vilivyowaandikia mahakimu maelfu ya barua vikabaki hewani.

"Sijui nianzeje," akasema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie nakala yake imepatikana."