Mpaka Birika Lichemke

Baba yetu hakuhesabu miaka. Mtoto akitaka kuendesha trekta, aliketishwa kwenye kiti, mgongo ukiegemea nyuma kabisa, injini ikiwa imezimwa, akaambiwa akanyage klachi mpaka chini na asiiachilie mpaka birika la chai lichemke. Klachi ya trekta lile ilikuwa ngumu kama imechomelewa. Mimi nilikuwa msichana, kwa hiyo sikupimwa. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto. Zamu ya kaka yangu ilipofika, nilimwonea huruma nikapuliza mpaka machozi yakanitoka.

Shamba liko Ndabibi, upande unaopanda kuelekea milimani. Nimelihama mara nyingi. Nimechuma maua Naivasha, nimeosha vyombo kwenye hoteli za nyama Kikopey, nimepanga chumba mtaani Free Area nikakihama bila sababu ya maana. Kila nilikokuwa, nikisikia trekta kwa mbali nilitamani nyumbani. Nikifika nyumbani, sikai sana kabla ya kuanza kutazama barabara.

Mwaka huu nilirudi kabla ya mvua. Kaka yangu ndiye mwenye shamba sasa, na magugu yalikuwa yamefika karibu na mlango wa jikoni. Mwanawe wa kwanza alikufa kwenye trekta lilelile. Alikuwa amefaulu. Kaka alimpima kama alivyopimwa yeye, na kijana aliendelea kukanyaga klachi hata baada ya birika kuchemka, akicheka. Kisha siku moja, akilima baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka chini ya gurudumu, kama unavyofanya udongo wetu wa majivu ya volkano, ukatokea ufa ambao jana yake haukuwepo. Trekta likampindukia. Tangu hapo kaka hajalipanda, wala haruhusu la kukodisha liingie shambani.

Amebaki binti, yuko kidato cha pili. Alikuwa amemwomba baba yake mara nyingi amruhusu alime, kwa sababu bila trekta hawangepanda chochote tena msimu huu. Jumamosi moja kaka akakubali kumpima. Nilidhani huzuni imeanza kumpungua.

Niliwasha moto kando ya banda la trekta. Msichana akapanda, akaegemea, akakanyaga. Klachi ikashuka yote.

“Anti, hizo kuni ni mbichi ama zimegoma?” akaniuliza.

Nikamwambia mguu ni wake, moto ni wangu. Kaka hakucheka. Akaniambia nipumzike, atauangalia moto mwenyewe. Nikakaa juu ya ndoo.

Birika likaanza kuimba. Kaka akafunua kifuniko, akachota kikombe cha maji baridi, akayamimina ndani. Nilifikiri ananiongezea chai. Likaimba tena, akamimina tena. Hakunitazama.

Paja la msichana likaanza kutetemeka, kisha goti. Alikuwa ameacha utani, amebana meno, mikono yote miwili kwenye usukani. Birika lilipoimba mara nyingine aligeuza kichwa, akaona kikombe. Hakuinua mguu. Alitazama mbele tena, kwenye magugu.

“Baba, hata likichemka, si utasema bado?”

Kaka akakiweka kile kikombe chini.

“Uko tayari,” akasema. “Hata yeye alikuwa tayari. Shuka.”

Msichana aliinua mguu polepole, jinsi klachi inavyotakiwa kuachiliwa, bila kuiruhusu iruke. Akashuka akichechemea. Nilitaka kumwambia kaka jambo, lakini lipi? Kwamba ardhi haitafunguka tena? Mimi ambaye sijawahi kukaa juu yake msimu mzima tangu nilipomaliza shule.

Msichana alichukua jembe nyuma ya jikoni, akaanza kulima pembeni mwa shamba, akiegemea mguu mmoja. Kaka alitafuta gunia, akakifunika kiti cha trekta, akalifunga kwa kamba, akavuta fundo mara mbili. Birika lilichemka nyuma yetu, kifuniko kikigonga, maji yakimwagika motoni. Hakuna aliyeliondoa.

Niliondoka Jumatatu. Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya milima. Nilipofika barabarani niligeuka nitafute kile kipande alichokilima. Hakikuonekana. Kulikuwa na magugu tu.